Kulanti na oili za gari lililokula kilomita: kuhudumia mfumo mmoja baada ya mwingine

Gari lililopita kilomita 200,000 lina mambo mawili ambayo gari jipya halina: historia usiyoijua yote, na plastiki na mipira iliyochoka. Anayemwaga kila kitu siku moja, akajaza vipya na kuondoka, anajinyima nafasi ya kujua gari lake linaumwa wapi. Wiki ya pili likianza kuvuja, au gia zikianza kugonga, hajui aanzie wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: shughulikia mfumo mmoja kwa wakati mmoja, na kikague kinachotoka kabla ya kumimina kipya. Tunaanza na kulanti, yaani maji yenye dawa yanayopoza injini, kwa sababu ikipuuzwa huua injini haraka.

Ukaguzi kabla ya kumwaga

Fungua boneti injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla ya kuiwasha. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kidogo. Mfumo ukiwa moto una mgandamizo wa karibu bar 1, na ndio unaozuia kulanti isichemke ikiwa juu ya nyuzi 100. Ukiuachia ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Chovya kidole kwenye shingo ya rejeta, upande wa ndani. Kulanti nzima huacha kidole kikiteleza kidogo na rangi yake inapitisha mwanga. Ukitoka na tope la rangi ya kahawia, hiyo ni kutu ya bloku, na mara nyingi maana yake gari limekuwa likiongezwa maji matupu. Ukitoka na utando wa mafuta au kitu kama maziwa yaliyoganda, simama hapo. Oili inaingia kwenye maji, ama kupitia gasketi ya silinda hedi, ama kupitia kipozeo cha oili, ama kupitia kipozeo cha giaboksi kilichomo ndani ya rejeta. Kubadilisha kulanti hakutatibu hilo, na hilo la mwisho linaweza kuua giaboksi ya otomatiki kwa muda mfupi.

Kisha bonyeza mipira yote ya maji, hasa sentimita chache karibu na klempu. Mpira mzima una ukakamavu na ukiuachia unarudi. Uliooza kwa ndani unabonyea kama sponji, uliokauka unatoa mlio wa kukatikakatika, na ulioguswa na oili unavimba. Mpira wa chini ukiukuta umenywea baada ya injini kupoa, usiulaumu kwanza. Mara nyingi ni kile kivalvu kidogo katikati ya kifuniko cha rejeta ambacho kimekwama, kwa hiyo maji hayarudi kutoka kwenye kopo la akiba na mfumo unajinyonya wenyewe.

Angalia chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji pale sili inapoanza kuchoka. Mstari uliokauka, wa rangi ya waridi, kijani au mweupe, unaoshuka kutoka kwenye kitundu hicho ni taarifa ya mapema. Ikiwa pampu inaendeshwa na mkanda wa taiming, ibadilishe pamoja na mkanda, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Mwisho angalia shingo za plastiki za rejeta. Zikigeuka kutoka nyeusi kuwa za kahawia hafifu, plastiki imeshakakamaa na inaweza kuvunjika wakati unavuta mpira. Ni afadhali kujua kabla, uwe na rejeta nyingine tayari, kuliko kulijua hilo ukiwa na kipande cha shingo mkononi.

Kuna vipimo viwili vya haraka vinavyostahili kufanywa. Cha kwanza: washa injini baridi, kisha ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, au viputo vikizidi kupanda kwenye shingo ya rejeta bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Thibitisha kwa kifaa cha dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Cha pili ni cha mita ya umeme: weka waya mweusi kwenye hasi ya betri, na ncha ya waya mwekundu uichovye kwenye kulanti bila kugusa chuma. Usomaji ukiwa chini ya volti 0.1, hali ni njema. Ukikaribia 0.3, ama kulanti imechoka na kuwa na asidi, ama kuna waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliolegea na umeme unapita kwenye maji. Rudia kipimo ukiwa umewasha taa na feni. Namba ikipanda, tafuta ethi kwanza, la sivyo hata rejeta mpya itatoboka.

Kulanti ipi, na kiasi gani

Rangi si kipimo cha aina. Hakuna kanuni inayowabana watengenezaji, kwa hiyo mbili zenye rangi ya waridi zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye galoni. Kwa ufupi kuna kulanti za zamani zenye silikati, ambazo hudumu takriban miaka 2, kuna zenye asidi za kikaboni ambazo hufika miaka 5 hivi, na kuna mchanganyiko wa namna hizo mbili. Magari mengi ya Kijapani hutaka ile yenye fosfati isiyo na silikati, na mengi ya Ulaya hutaka kinyume chake. Ukizichanganya, mara nyingi dawa ya kuzuia kutu huisha mapema, na baadhi zikikutana huganda na kuziba mirija myembamba ya rejeta. Kama hujui kilichomo, usiongeze kwa kukisia. Safisha vyote, kisha anza upya na aina inayotajwa kitabuni.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ndio unaofaa karibu kila mahali, hata pasipo na baridi. Huganda karibu nyuzi -37, na chini ya mgandamizo wa kifuniko kizima huchemka juu ya nyuzi 120. Wapo wanaodhani kulanti tupu bila maji ni bora zaidi. Si kweli. Glikoli tupu, ambayo ndiyo kimiminika kikuu cha kulanti, hubeba joto kidogo kuliko maji, na injini itakuwa ya moto zaidi. Maji matupu nayo hubeba joto vizuri lakini hayana dawa ya kutu.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Maji ya bomba au kisima huacha ukoko ndani ya mirija, uleule unaoonekana ndani ya birika la chai, na ukoko wa unene mdogo tu unazuia joto kutoka. Uwe mwangalifu na chupa zilizoandikwa "maji ya betri": nyingine zina asidi. Soma lebo mpaka mwisho.

Injini ndogo za lita 1.3 hadi 1.5 hubeba lita 5 hadi 6 hivi, za lita 2.0 hubeba 6 hadi 8, na dizeli kubwa zinaweza kuzidi 10. Namba halisi iko kwenye kitabu na unaihitaji, kwa sababu ukifungua rejeta pekee hutoka nusu hivi. Zilizobaki zimo ndani ya bloku na kwenye rejeta ndogo ya hita.

Kazi yenyewe

1. Injini ikiwa baridi, weka swichi ya hita kwenye moto wa juu ili valvu yake iwe wazi, ikiwa gari lako lina valvu hiyo. Fungua kifuniko cha rejeta.

2. Weka beseni pana chini. Kwenye rejeta kuukuu, kile kibomba cha plastiki cha kutolea maji hukatika kirahisi. Kikikataa kwa nguvu ya vidole, kiache, legeza klempu ya mpira wa chini badala yake. Mpira uliong'ang'ania usiuchokonoe kwa bisibisi, utaikwaruza au kuivunja shingo. Uzungushe kwanza kwa mkono kushoto na kulia mpaka uachie. Ukigoma kabisa, uchane kwa kisu kwa urefu na uweke mpya.

3. Ikiwa bloku ina plagi ya kutolea maji na inafikika, ifungue. Kama imeliwa na kutu na inatishia kukatika, iache ilivyo. Utaondoa yaliyobaki kwa kusuuza.

4. Acha yaliyotoka yatulie kwenye beseni kwa dakika kumi, kisha uyaangalie. Mchanga mwekundu chini ni kutu. Chembe nyeupe ngumu ni ukoko wa chumvi. Uteute mzito ni kulanti zisizopatana. Vipande vidogo vya plastiki au chuma vinaweza kuwa panga za pampu ya maji, na pampu hiyo ifunguliwe kabla hujamimina kitu kipya.

5. Yakitoka safi, hakuna haja ya kusuuza, rudishia plagi na ujaze. Yakitoka machafu, funga, jaza maji safi, washa injini mpaka mpira wa chini upate moto (hapo thamostati, yaani valvu inayofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta, imefunguka), zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke safi. Mara ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa. Sisi hatupendekezi dawa kali za kusafisha ndani ya rejeta kuukuu: zinakula kutu pamoja na ile kutu iliyokuwa imeziba kitundu.

6. Kujaza baada ya kusuuza kunataka hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mfumo unabeba lita 6 na zilitoka 3.5. Ndani zimebaki lita 2.5 za maji matupu. Ukijaza kulanti iliyochanganywa tayari kiwandani, lita zako 3.5 zina glikoli lita 1.75 tu, na mchanganyiko wote unakuwa chini ya asilimia 30. Badala yake nunua ile nzito isiyochanganywa, mimina lita 3 kwanza (yaani nusu ya ujazo wote), kisha malizia na maji yaliyokenekwa nusu lita. Ile iliyochanganywa tayari inafaa pale ambapo hukusuuza kwa maji, au pale ambapo bloku nayo imemwagika yote.

7. Kutoa hewa. Inua mbele ya gari kwa rampu ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko injini. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa karibu na thamostati au kwenye mpira wa hita, ilegeze, mimina polepole mpaka itoe maji bila mapovu, kisha ikaze kwa upole. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita kwenye moto, feni ya ndani ikiwa chini. Kiwango kitashuka ghafla thamostati ikifunguka, ongeza. Minya mpira wa juu kwa kitambaa mara kadhaa kusukuma hewa. Endelea mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili na hita itoe hewa ya moto isiyokatika. Hita inayotoa moto, kisha baridi, kisha moto tena, bado ina hewa ndani.

8. Funga, jaza kopo la akiba kati ya alama mbili, tembea kilomita chache. Asubuhi inayofuata angalia tena, karibu kila mara itakuwa imeshuka kidogo. Endelea kuangalia kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Ikiwa baada ya hapo bado inashuka na chini hapana tone, rudi kwenye kipimo cha gesi ya silinda hapo juu.

Kifuniko na thamostati

Kifuniko cha rejeta kina namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, au 13 au 16 kwa kipimo cha paundi. Kipya kiwe na namba ileile. Cha juu zaidi kitapasua rejeta kuukuu. Kilichochoka hushusha kiwango cha kuchemka, na gari linachemsha mlimani ingawa kila kitu kingine ni kizima. Katika gari la kilomita nyingi hiki ndicho kipuri cha kubadilisha bila kusubiri kiharibike.

Thamostati isitolewe na kutupwa. Tunalisema kwa msisitizo kwa sababu ni desturi iliyoharibu injini nyingi. Bila thamostati, injini haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi, petroli ambayo haikuungua inashuka kwenye oili, na tope linajikusanya. Isitoshe, kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato, ukiitoa maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Ukiishuku, ipime: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, na uwashe moto. Namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 82 au 88, ndiyo nyuzi ambazo inapaswa kuanza kufunguka. Iangalie kwa makini: kwanza unaonekana upenyo mwembamba kama unene wa karatasi, kisha sahani inashuka taratibu, na maji yakikaribia kuchemka inapaswa kuwa wazi kwa milimita 8 hivi au zaidi. Inayofunguka kwa kuruka, au isiyofunga yote ikipoa, ibadilishe. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu ili hewa ipite.

Na ikiwa gari limechemsha barabarani: zima, fungua boneti, subiri mpaka mpira wa juu ushikike bila kuunguza. Ukimimina maji baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi inaweza kupinda au kupasuka, na hapo umegeuza hitilafu ya mpira kuwa ukarabati wa injini.

Oili ya injini

Hii wengi wanaijua, kwa hiyo tugusie yale ya gari kuukuu tu. Pima kila wiki, gari likiwa pahali tambarare, dakika kumi baada ya kuzima. Kati ya alama mbili za dipstiki mara nyingi ni lita 1 hivi, kwa hiyo unaweza kujua gari linakula kiasi gani. Ongeza nusu nusu lita. Ukizidisha juu ya alama, krenki (mhimili mkuu wa injini) inaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi.

Usikimbilie oili nzito ili kuficha moshi. Kitabu huwa na jedwali la madaraja ya unene yanayoruhusiwa. Ukihama kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kwa sababu jedwali linaruhusu, sawa. Nje ya jedwali, oili inachelewa kufika juu wakati wa kuwasha na vidhibiti vya valvu vinavyotumia oili vinaanza kulalamika. Kabla ya kulaumu ringi za pistoni angalia valvu ya kupumulia injini. Ikiziba, mgandamizo unasukuma oili nje kupitia sili. Ni kipuri kidogo na kubadilisha kwake huchukua dakika chache.

Injini iliyojaa tope isioshwe kwa dawa za kumwaga dakika tano kabla ya kubadilisha oili. Tope likibanduka kwa mkupuo huziba chujio la pampu ndani ya sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Njia salama ni kubadilisha oili na filta mapema, kila kilomita 3,000 mara mbili au tatu, halafu urudi kwenye ratiba ya kawaida. Plagi ya sampu iwekewe washa (pete ya kuzibia) mpya na ikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Nyuzi za skrubu kwenye sampu ya aluminiamu hazisamehi.

Giaboksi ya otomatiki

Swali la kila siku ni hili: gari halijawahi kubadilishwa oili ya giaboksi na limefika kilomita 200,000, je, liguswe? Jibu letu: kama gia zinaingia vizuri, ndiyo, lakini kwa kumwaga na kujaza, si kwa mashine inayosukuma yote nje kwa nguvu. Kama tayari gia zinateleza, oili mpya haitaponya klachi zilizokwisha, na mwenye gari aambiwe hivyo kabla ya kazi.

Ukifungua plagi, giaboksi ya lita 8 hutoa lita 4 hivi, nyingine zimo kwenye toki konveta, kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi. Kwa hiyo mara ya kwanza umebadilisha nusu. Tembea kilomita 1,000, rudia, umefika robo tatu. Mara ya tatu umepita asilimia 87. Pima ulichotoa kwa chombo chenye alama na urudishe kiasi hichohicho. Vua sampu, badilisha filta kama ipo, na uangalie sumaku zilizo chini: utando laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida. Harufu ya kuungua pamoja na rangi nyeusi ni dalili ya klachi.

Kiwango hupimwa kwa joto linalotajwa na mtengenezaji. Zisizo na dipstiki hupimwa kwa plagi ya kufurikia, nyingi kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwa inanguruma. Ukipima ikiwa ya moto sana utaacha pungufu. Giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua bali mkanda na puli, hutumia oili yake pekee. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda wa chuma utateleza kwenye puli na kuzikwaruza.

Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Aina iliyoandikwa DOT 3 kwenye chupa, ikiwa mpya, huchemka si chini ya nyuzi 205, DOT 4 si chini ya 230. Yakiwa na maji asilimia 3.7 kiwango hushuka hadi 140 na 155. Kwenye mteremko mrefu mafuta ya zamani yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unabonyea, na pedali inazama. Badilisha kila miaka 2. DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. DOT 5.1 inaweza kuchanganyika nazo.

Kwanza nyonya mafuta ya zamani kwenye kopo kwa bomba la sindano, jaza mapya, ndipo uanze magurudumu, ukianzia lililo mbali zaidi na silinda kuu, isipokuwa kitabu kimetoa mpangilio mwingine. Kwenye gari la kilomita nyingi weka kipande cha ubao chini ya pedali. Miaka yote pedali imetembea nusu tu ya njia yake, na sehemu ya mbele ya silinda kuu ina kutu na uchafu. Msaidizi akiikanyaga mpaka chini, sili zinapita juu ya kutu hiyo na kuchanika, na kesho yake pedali inashuka yenyewe. Kopo lisiishe wakati wa kazi, na tone lililoanguka kwenye rangi ya gari lioshwe kwa maji mara moja.

Kiwango kikishuka polepole kwa miezi, usijaze kwanza. Pedi zinapopungua unene, pistoni hutoka nje na mafuta huzifuata. Angalia pedi.

Difu, gia za mkono na stelingi

Fungua plagi ya kujazia kabla ya plagi ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ukute ya kujazia imeganda kwa kutu, gari halitaondoka hapo. Difu nyingi (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hutaka oili ya unene wa 75W-90 au 80W-90, ya daraja la GL-5. Giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4, na kuna GL-5 ambazo dawa zake hula shaba ya sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia), kwa hiyo usitumie galoni moja kwa vyote viwili. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu, gari likiwa limelala sawa. Ikiwa tundu la kupumulia la difu limezibwa na tope, lizibue. Likiziba, joto husukuma oili nje kupitia sili za ekseli.

Oili ya stelingi inabadilika bila kufungua bomba: nyonya iliyo kwenye kopo, jaza mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, zungusha usukani pande zote mbili mara kadhaa bila kuung'ang'aniza mwisho, rudia siku inayofuata, mpaka rangi iwe safi. Ikitoa povu na usukani unalia, hewa inaingia kwenye mpira wa kunyonyea. Badilisha klempu yake kwanza.

Vilivyotoka visichanganywe. Oili zote ziende kwenye dumu moja lenye kifuniko kwa ajili ya kuchakatwa, mafuta ya breki kwenye chupa yake, na kulanti kwenye dumu lake lililoandikwa. Glikoli ina utamu, na kiasi kidogo tu kinamuua mbwa au paka, na kinaweza kumuua mtoto. Beseni lililobaki na matone lisuuzwe siku hiyohiyo, na dimbwi lililobaki sakafuni limwagiwe mchanga, lizolewe, kisha lioshwe.